Uliza Ujibiwe: Ramani ya Nchi Isiyokuwepo

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watunzi wa hadithi za kifantasia, wenye nchi zao za kubuni, wafalme wao na majoka yao. Wengi wanauliza jinsi ya kuchota kutoka mandhari na historia ya huku kwetu magharibi na Bonde la Ufa bila hadithi kugeuka somo la jiografia. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Katika riwaya yangu kuna ziwa kubwa mfano wa Ziwa Victoria. Mto mmoja unatoka humo kwenda mashariki hadi baharini, mwingine unatoka kwenda magharibi jangwani. Rafiki yangu anasema haiwezekani. Nani ana haki? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Rafiki yako. Maji ya ziwa hupanda mpaka yafikie sehemu ya ukingo iliyo chini kuliko zote, yakamwagikia hapo. Yakishaanza kumwagika, mto huo huzidi kuuchimba ukingo na kuushusha, na mdomo mwingine, hata kama ulikuwepo, hubaki juu mkavu. Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800. Linapokea Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, Mara, Kagera na mito mingine, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja, unakoanzia mto Nile. Ukiutaka sana mto wa pili, sema ni mfereji uliochimbwa na watu, halafu tuambie nani anauzibua kila masika, maana usipozibuliwa hujaa tope.

Kama nchi yako inahitaji ziwa lisilo na mlango kabisa, tazama Nakuru, Elementaita na Bogoria. Maji huingia kwa mito na chemchemi, na njia pekee ya kutoka ni kupanda hewani kama mvuke. Chumvi na magadi hubaki, na mwaka baada ya mwaka ziwa huwa kali. Hapo usiweke kijiji cha wavuvi wanaovua ngege na kamongo. Ziwa Nakuru lilipata samaki kwa sababu watu walihamishia humo aina ndogo kutoka Magadi, iliyozoea maji ya namna hiyo. Wenyeji halisi ni viini vidogo vya kijani ambavyo heroe huvila, na maji yakizimuliwa na mvua nyingi, viini hupungua na ndege huhamia ziwa jingine. Mfalme ambaye nembo ya ukoo wake ni heroe anaweza kuamka asubuhi akakuta nembo yake imehama nchi. Naivasha na Baringo, kwa upande mwingine, hazina mto wa kutokea lakini maji yake hayana chumvi kali, kwa kuwa sehemu yake huvuja chini kwa chini kupitia miamba ya volkeno. Siri kama hiyo inafaa kufichwa hadi sura ya ishirini.

Kuna jambo moja ambalo watunzi wengi hulisahau: ziwa hupanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa takribani mita 2.5 baada ya mvua kubwa, na mwaka 2020 likafurika tena hadi kwenye nyumba na barabara za ufuoni. Ziwa Nakuru nalo limelimeza lango kuu la zamani la mbuga. Kwa maoni yetu, adui asiyeweza kuchomwa mkuki na anayesogea hatua chache kila wiki ana faida kuliko joka.

Mwisho ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kuanzia karibu na adhuhuri hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Ndiyo maana mvuvi wa tanga katika Ghuba ya Winam huondoka gizani na kurudi mchana. Dhoruba nazo zina ratiba: ziwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, na kwenye miinuko ya Kericho na Nandi hupiga alasiri, mara nyingi zikiwa na mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Ukiandika kwamba jeshi lilivuka ghuba kwa tanga saa tisa alasiri kutoka Kisumu kuelekea Mbita, msomaji wa Dunga atajua hujui. Upepo wa saa hiyo unavuma usoni mwao.

SWALI: Nataka ngome isiyofanana na zile za Ulaya zenye minara na daraja la kuinuliwa. Wanafunzi wangu walipendekeza Thimlich Ohinga. Je, inatosha kwa vita vya riwaya? – Mwalimu, Rongo

JIBU: Inatosha, mwalimu, mradi usiichukue picha ukaacha ufundi. Thimlich Ohinga iko Kaunti ya Migori na iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni mkusanyiko wa maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16. Kuta zina urefu wa kwenda juu wa mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3, na hakuna chokaa wala udongo wa kugandisha. Ufundi ni wa tabaka tatu: uso wa nje wa mawe makubwa, uso wa ndani hivyo hivyo, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa ili nyuso mbili zishikane. Ukuta hauendi mstari mnyoofu bali unapinda, na mahali pengine umeegemezwa na nguzo za mawe. Milango ni mifupi, anayeingia lazima ainame. Mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na hawezi kuona kilicho juu ya kisogo chake. Hilo pekee ni tukio zima la vita, na huhitaji daraja la kuinuliwa.

Sasa hesabu. Chukua boma lenye mzingo wa mita 300, kimo mita 2.5, unene mita 2. Hizo ni mita za ujazo 1,500 za ukuta. Tuseme mtu mmoja, pamoja na kuokota na kubeba mawe ya karibu, anamaliza nusu mita ya ujazo kwa siku. Ni siku-kazi 3,000, yaani watu 50 kwa miezi miwili, kiangazi kimoja. Kwa hiyo ukoo mdogo unaweza kujijengea bila mfalme wala watumwa, na hilo hubadilisha siasa ya hadithi yako. Mawe yakiwa umbali wa kilomita tano, hesabu yote inavunjika na ukuta haujengwi.

Ukuta wa namna hii huharibika kwa sababu zinazojulikana. Fundi mvivu hupanga mawe hadi viungo vikafuatana wima, na ufa hushuka kutoka juu hadi chini. Asiyeweka mawe marefu ya kuziunganisha nyuso mbili huona ukuta unavimba tumbo. Anayejaza udongo katikati badala ya kokoto huuona ukinywa maji wakati wa masika, unafura na kusukuma mawe nje. Baada ya hapo mizizi ya miti humalizia kazi. Mzingiraji mwerevu katika hadithi yako hahitaji mizinga, anatafuta viungo vilivyofuatana na kung'oa jiwe moja la chini.

Usihamishe ngome hii hadi Kano. Kule hakuna mawe, na ardhi nyeusi ya tambarare hupasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi hautulii. Kwenye ardhi kama hiyo panda uzio wa mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, mshambuliaji hana kazi tena siku hiyo.

Wabukusu walikuwa na jibu lao: handaki na ukuta wa udongo, kama Chetambe juu ya Webuye na Lumboka. Ngome hizo zilifaa dhidi ya mikuki na mishale, lakini mwaka 1895 Waingereza walizivunja kwa bunduki za rasharasha. Na kwenye nyanda za juu, kuanzia Hyrax Hill hapo Nakuru hadi Uasin Gishu, kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, ya kipenyo cha mita chache hadi ishirini hivi, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Yalichimbwa kwenye mteremko na mlango ukaelekezwa upande wa chini, ili mvua na samadi vitoke vyenyewe. Samadi ikarundikwa nje hadi ikawa kichuguu. Mlango wa nyumba ya mwenye mifugo ulifungukia ndani ya zizi, kwa hiyo mwizi hakuweza kumfikia ng'ombe bila kupita mbele ya wenyewe. Mary Leakey alichimbua Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, na leo kuna makumbusho hapo hapo. Mpeleke mhusika wako akatazame kabla hujamjengea kasri.

SWALI: Waandishi mashuhuri wa Ulaya na Marekani nao huchukua historia hivi, au wanabuni tu? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Huchukua, na wengine wamesema wazi. George R. R. Martin ameeleza kwamba ukuta mkubwa wa barafu katika riwaya zake ulitokana na Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, alioutembelea mwaka 1981. Ule wa kweli ulianza kujengwa na Warumi mwaka 122, una urefu wa kilomita 117 hivi, na kimo chake kilikuwa labda mara mbili au tatu ya mtu. Wake una maili 300 kwa urefu na futi 700 kwenda juu. Alibadilisha kipimo na malighafi, lakini kazi ya ukuta hakuigusa: askari waliotoka mbali, wamekaa ukingoni mwa nchi, wanatazama giza bila kujua litatoka nini. Vita vya koo katika riwaya hizo hizo vina harufu ya vita vya ndani vya Waingereza vya kati ya 1455 na 1485. J. R. R. Tolkien naye aliandika kwamba safari yake ya miguu nchini Uswisi mwaka 1911 iliingia katika milima ya hadithi zake.

Kwa hiyo hakuna aibu kuchota. Aibu ni kuchota kutoka kwao, theluji na kila kitu, ilhali unaandika ukiwa Lurambi.

SWALI: Mfalme wangu anafanana na Nabongo Mumia. Ana askari 5,000 wanaosafiri kwa miguu mwezi mzima kwenda kupigana. Mjomba wangu anasema watakufa njaa. – Msomaji, Mumias

JIBU: Mjomba ana jicho zuri. Hesabu za misafara ya karne ya 19 zinajulikana vizuri: mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu kilo 0.7. Msafara wa watu 100 unakula kilo 70 kwa siku. Ukitenga watu 20 wabebe chakula tu, wana kilo 600, ambazo ni siku nane na ushei. Kwa mwendo wa kilomita 16 kwa siku, msafara una takribani kilomita 135 kabla chakula hakijakwisha. Kila mahali palipo mbali kuliko hapo panahitaji soko njiani, uwindaji, au uporaji.

Ndiyo siri ya Mumias, makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Wafanyabiashara wa pwani walipopitia huko, na baadaye wageni wa Kizungu kama Joseph Thomson mwaka 1883, walikuta nchi yenye chakula cha kuuza na mtawala mmoja wa kuzungumza naye kabla ya kuendelea Busoga na Buganda. Upande wa mashariki, kituo cha kununua nafaka kilikuwa kwa Wanjemps kusini mwa Ziwa Baringo, waliomwagilia mashamba yao kwa mifereji. Kati ya vituo hivyo viwili ni kama kilomita 170 kwa mstari mnyoofu, pamoja na kupanda kingo za Bonde la Ufa na kuvuka uwanda wa Uasin Gishu, ambao wakati huo ulikuwa karibu mtupu baada ya vita vya Wamaasai. Linganisha na zile kilomita 135 uone kwa nini wapagazi waliiogopa sehemu hiyo.

Askari wako 5,000 wanakula tani 3.5 kila siku. Kwa siku kumi tu ni mizigo ya watu zaidi ya 1,100, na hao nao wana matumbo. Una njia tatu. Punguza jeshi hadi 400. Au lipitishe majini, kwa sababu mtumbwi wa mbao zilizoshonwa unaobeba tani moja unafanya kazi ya wapagazi 33. Au liache lifike vitani msimu wa mavuno ya adui, likale humo. Njia ya tatu ndiyo iliyotumika zaidi duniani na ndiyo inayoumiza zaidi raia, basi andika na raia.

SWALI: Ninaishi Nakuru, kila siku naiona Menengai. Nataka iwe makao ya joka, lakini naona imezoeleka mno. – Msomaji, Milimani, Nakuru

JIBU: Imezoeleka ukiitazama kutoka ukingoni. Shuka ndani. Kasoko ile ina karibu kilomita 12 kwa 8, na ukingo unazidi sakafu kwa hadi mita 480 na kitu. Haikuchimbwa na mlipuko mmoja. Kilele cha mlima kilididimia baada ya magma ya chini kupungua. Sakafu ni lava iliyoganda vipande vikali kama chupa zilizovunjwa, inayokata soli za viatu. Kwa hiyo umbali wa kilomita nne humo ndani ni safari ya nusu siku. Mvua inanyesha lakini maji hayatuami, yanapotelea kwenye nyufa. Hakuna ziwa, hakuna kijito.

Swali la kwanza la nchi kama hiyo ni kwamba mwenyeji anakunywa nini. Jibu liko Eburru, juu ya Naivasha: wakazi hutega mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba, unapoa, unadondoka maji. Sasa una jamii ambayo uhai wake uko kwenye matundu ya mvuke, na kila tundu lina mwenyewe, na tundu likizimika kuna ugomvi. Joka si lazima tena. Ukiling'ang'ania, lifanye liwe ndilo linalopasha maji moto.

Masimulizi ya Wamaasai kuhusu wapiganaji wa Ilaikipiak waliosukumwa wakaporomoka ukingoni karne ya 19 yanajulikana sana. Yatumie kwa uangalifu. Mzimu unaolia usiku umeandikwa na kila mtu. Kijana anayetumwa chini kutafuta mabaki ya kaka yake bado hajaandikwa vya kutosha.

SWALI: Pango lenye hazina lilindwe na nani ikiwa sitaki majitu? – Msomaji, Kitale

JIBU: Ndovu. Katika mapango ya Mlima Elgon, kama Kitum, ndovu huingia gizani usiku wakipapasa kwa mkonga, wakabomoa ukuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Mvua nyingi za mlimani huosha chumvi kutoka kwenye udongo na majani, ndiyo sababu wanaifuata ndani ya mwamba. Paa huporomoka mara kwa mara, na kuna nyufa ambamo ndama huangukia. Watu nao waliishi na ng'ombe katika mapango ya mlima huo. Hazina iwe chumvi. Dhahabu hailiwi.

SWALI: Je, naweza kumtia Luanda Magere katika riwaya yangu, na Orkoiyot wa Wanandi awe mchawi wake adui? – Msomaji, Ahero

JIBU: Chukua mfumo, acha majina. Uzuri wa Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo, si kwamba mwili wake ulikuwa jiwe. Ni kwamba nguvu zake zilikuwa na mahali pamoja pa udhaifu, kivuli, na siri ilitoka kwa njia ya kawaida kabisa ya nyumbani: aliugua, chale za dawa zikakataa kuingia mwilini, ikabidi amwambie mkewe aliyetoka kwa maadui achanje kivuli. Uchawi wenye masharti kama hayo haumpi shujaa ushindi wa bure.

Orkoiyot naye hakuwa mchawi wa kasri wala mfalme. Alitoa baraka, alitabiri, alishauri wakati wa kwenda vitani. Lakini mabaraza ya wazee na viongozi wa vita walikuwa na sauti zao. Waingereza walimwona Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa wakati huo, kama kichwa cha kukatwa, wakamuua tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano aliodhani ni wa amani. Nchi ambayo uamuzi umegawanywa hivi, na mvamizi asiyeelewa mgawanyo huo, ni njama tosha ya riwaya.

Jamii halisi usiifanye kabila la waovu. Wajukuu wa pande zote mbili za vita vya Wajaluo na Wanandi leo wanabanana katika matatu moja pale Awasi, na wote wanasoma. Buni koo mpya, changanya desturi za jamii mbili au tatu, geuza angalau jambo moja la msingi. Mahali ambapo watu bado wanaenda kusali, kama miamba ya Kit Mikayi, papewe jina jingine na umbo jingine.

SWALI: Nianzie wapi kuchora ramani yenyewe? – Msomaji, Maseno

JIBU: Tafuta karatasi ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo unalolijua, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja. Weka karatasi nyembamba juu yake, nakili mito na mistari ya mwinuko tu, acha miji, barabara na majina. Kisha pindua nakala juu chini au kama kwenye kioo. Mito itabaki ikitiririka sawasawa kwa sababu miinuko imehama nayo. Tia vijiji mahali maji yanapokutana na ardhi isiyofurika, masoko mahali nyanda za juu zinapokutana na tambarare, maana wa juu wana nafaka na wa chini wana samaki. Baada ya kupindua, amua upya upande unaoleta mvua, kwani mteremko uliokuwa na msitu huenda sasa umegeuka kuwa upande mkavu. Na kwa kuwa unaishi Maseno, ikweta inakopita, kumbuka nchi yako ikibaki hapo mchana huwa na urefu wa saa 12 mwaka mzima, giza huingia haraka baada ya jua kutua, na hakuna majira ya baridi ya kumzuia adui. Kinachomzuia ni masika ya Machi hadi Mei, mito inapojaa.